Maua ya Ndani Wakati wa Kipupwe

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kuna nyumba moja ya matofali mabichi ambamo kila siku, jua linapokaribia kutua, hufanyika kazi ndogo isiyokosa. Mtoto wa kike mwenye umri wa miaka kama tisa huinuka, huyachukua makopo matatu yaliyoshinda dirishani, moja moja, na kuyaweka juu ya sanduku la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa ndani, ule unaopakana na jiko. Asubuhi huyarudisha mahali pake. Makopo mawili yana jeraniamu nyekundu, na la tatu lina mshubiri. Nilipoyaona ilikuwa ni katikati ya Juni, baridi imekaza, hata watu waliokuwa sokoni walijifunga mablanketi mabegani. Nazo jeraniamu zile zilikuwa zimechanua kana kwamba hazina habari.

Nilisimama nikazitazama kwa kitambo, kwa sababu siku chache kabla ya hapo, mjini Lilongwe, wifi yangu nami tulikuwa tumetupa jalalani maua mawili yaliyokufa sebuleni, katika nyumba yenye madirisha ya vioo, sakafu ya saruji na maji ya bomba. Tulikuwa na kila kitu alichokikosa mama wa Dzaleka, na bado ua lake lilikuwa hai na letu limekufa. Makala haya yanaeleza kwa nini.

Yanawahusu hasa wale wasomaji wetu waliopangiwa kazi katika nyanda za juu. Mke wa askari aliyezoea Tanga au Mtwara, mumewe anapohamishiwa Iringa, Njombe, Mbeya au Sumbawanga, hubeba pamoja na vyombo vyake mazoea ya pwani ya kutunza maua. Nyumba za kambini na za vituo vya polisi hazina vifaa vya kupasha joto. Ifikapo kipupwe, yaani tangu Juni hadi Agosti, maua huanza kunyauka, na mama wa nyumba husema hewa ya huku haifai. Hewa haina kosa. Lilongwe yenyewe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika Juni na Julai usiku wake hushuka kwa kawaida hadi digrii 8 au 10 hivi, ingawa mchana jua huwaka vizuri. Ni hali ambayo mtu wa Iringa ataitambua mara moja.

MAKOSA YETU YA LILONGWE

Tulikuwa tumenunua maua ya Usambara, yale madogo yenye majani ya manyoya na rangi ya zambarau, ambayo Wazungu huyaita urujuani wa Afrika. Ni maua ya kwetu. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliyakuta katika milima ya Usambara, akayapeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akayaandika katika vitabu vya elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo yapo katika madirisha ya dunia nzima. Basi sisi tuliyapenda kwa kuwa ni ya nyumbani, tukasahau kwamba nyumbani kwake ni chini ya kivuli cha msitu wenye unyevu, mahali pasipo na baridi kali. Likiachwa katika chumba kinachoshuka chini ya digrii 15 usiku baada ya usiku, ua hilo hudumaa. Likimwagiwa maji baridi juu ya majani, hutoka mabaka meupe yasiyofutika.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kosa la pili tulilifanya kwa kusoma. Wifi alikuwa na kitabu cha Kiingereza cha utunzaji wa maua, kizuri, chenye picha, nacho kilisema wazi kwamba maua yanayopenda mwanga yawekwe kwenye dirisha linalotazama kusini. Tukatii. Hatukukumbuka kwamba mwandishi alikuwa Uingereza, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Lilongwe iko kiasi cha digrii 14 kusini ya mstari wa Ikweta, na Mbeya kiasi cha digrii 9. Katika Juni jua letu la adhuhuri limeinama upande wa kaskazini. Asiyeamini na achomeke kijiti uani saa sita mchana katika mwezi huo: kivuli chake kitaangukia kusini. Kwa hiyo dirisha la kusini, wakati wa kipupwe, halipati jua hata kidogo, na chumba chake ndicho chenye baridi kuliko vyote ndani ya nyumba. Dirisha lifaalo ni lile la kaskazini. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka, jua likasogea kusini kidogo, lakini wakati huo kuna joto na mwanga wa kutosha kila upande, na mara nyingi mvua pia. Hapana haja ya kuhangaika.

Kosa la tatu ndilo lililoua. Kila jioni, baada ya kazi, tuliyamwagilia.

NYUMBA YA DZALEKA

Tulifika Dzaleka kwa gari dogo la abiria, kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Lilongwe, wifi akitafuta maharage kwa bei nafuu. Soko la kambi hiyo linajulikana, na Wamalawi wa vijiji vya jirani huja kuuza na kununua humo pamoja na wakimbizi. Kiswahili nilikisikia tangu kwenye mlango wa kwanza wa duka: cha Bukavu, cha Uvira, cha Bujumbura. Wengi wa wakazi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na lugha yetu ndiyo inayowaunganisha.

Jina Dzaleka ni la Kichewa, na maana yake ni kama ya mtu asemaye kwamba ameshika adabu, ataacha. Kabla ya kuwa makazi, mahali hapo palikuwa na gereza lililojulikana sana katika enzi ya Rais Kamuzu Banda, ambamo waliwekwa watu waliohitilafiana na utawala wake. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamepita 50,000. Nyumba zimebanana, nyingi ni za udongo, zimeezekwa kwa nyasi, turubai au mabati kadiri ya uwezo wa mwenye nyumba, na madirisha yake ni madogo, mengine hayazidi upana wa kitabu kilichofunguliwa.

Mama mwenye makopo yale hakupenda jina lake litoke gazetini, nami nimeheshimu neno lake. Ni mtu wa nyanda za juu za Kivu. Wasomaji wetu waliotumikia Kongo ya Mashariki katika Brigedi ya Kuingilia Kati ya Umoja wa Mataifa, iliyoundwa mwaka 2013 kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wanaijua baridi ya milima ile na bustani za watu wake. Hawatashangaa kusikia kwamba mama huyu alilelewa katika nyumba yenye maua. Aliingia Malawi miaka mingi iliyopita. Baada ya kukaa kambini kwa muda, yeye na mumewe walipata chumba Lilongwe na kuuza nguo za mitumba. Mwezi wa Machi 2023 Serikali ya Malawi iliagiza upya kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warejee Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo agizo likatekelezwa. Sheria ya Wakimbizi ya nchi hiyo ni ya mwaka 1989, na tangu ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 Malawi iliweka masharti yake kuhusu uhuru wa kutembea na kufanya kazi. Mama yule hakutaka kuzungumza sana juu ya hayo. Alisema tu kwamba walipoondoka walikuwa na saa chache za kufunga mizigo, na kwamba mumewe alimwambia aache makopo.

"Nilikata vijiti vitatu," alisema. "Nikavifunga katika kitambaa, nikaviweka ndani ya sufuria. Sufuria hakuikataza."

Jeraniamu zile mbili ndivyo vijiti hivyo. Cha tatu kilioza.

Nilimweleza habari za maua yetu ya Lilongwe. Akaniuliza, "Dada, mlikuwa mnayanywesha mara ngapi?"

"Kila siku, mama."

Akacheka, kisha akasema kwamba naye, alipokuwa mjini na bomba liko uani, aliua jeraniamu tano kwa kipupwe kimoja. Kambini alipanga foleni kisimani tangu alfajiri. Ndoo ya kwanza ni ya kupikia, ya pili ni ya kuoga watoto, ya tatu ni ya kufulia. Ua hupata maji yaliyooshewa mchele au mboga, tena si kila siku. Kwa hesabu yake, wakati wa baridi kopo moja hunyweshwa mara moja kwa siku nane au kumi. Alidhani anayadhulumu. Maua yakaanza kupona.

MAJI KATIKA BARIDI

Sababu yake ni nyepesi, na inafaa ieleweke kuliko kukariri siku za kumwagilia. Mmea hunywa maji kadiri majani yake yanavyoyapoteza hewani. Chumba kikiwa na baridi na mwanga mdogo, majani hupoteza maji kidogo sana, na mizizi karibu inalala. Maji uliyomimina jana bado yapo. Ukimimina mengine leo, yanajaza zile nafasi ndogo ndogo katika udongo ambazo kwa kawaida huwa na hewa, na mizizi, ambayo nayo huvuta hewa kama kiumbe chochote, hukosa pumzi ikafa. Kisha ukungu wa udongoni huishambulia ikaoza. Sasa ajabu ni hii: mmea ambao mizizi yake imeoza hauwezi kunywa, kwa hiyo majani yake hulegea na kunyauka, sawasawa na mmea wenye kiu. Mama wa nyumba akiuona huingiwa na huruma, akaongeza maji. Maua mengi ya ndani hufa kwa huruma ya namna hiyo.

Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole katika udongo hadi kiungo cha pili. Ukisikia ubichi, acha. Njia bora zaidi, na ndiyo aitumiayo yule binti wa Dzaleka bila kujua kwamba ni njia, ni kuliinua kopo. Kwa kuwa hulibeba asubuhi na jioni, mikono yake imejua uzito wake. Likiwa jepesi humwambia mama yake. Maji yatolewe asubuhi, ili ubaridi wa usiku usilikute kopo limelowa, nayo yawe yamelala ndani ya nyumba au yameota jua kidogo, yasiwe yametoka bombani saa hiyo hiyo. Yamiminwe kwenye udongo, si juu ya majani. Mbolea isitiwe kabisa hadi Septemba. Mmea uliolala ukilishwa hushindwa kula, na chumvi za mbolea huunguza mizizi.

Kuhusu chombo, kopo la mafuta ya kupikia linafaa kama chungu cha duka, mradi litobolewe matundu manne au matano chini. Hapa ningependa kupingana na desturi moja iliyoenea sana, ya kujaza kokoto katika kitako cha kopo ili maji yapite. Haisaidii kama watu wanavyodhani. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka katika udongo laini kuingia katika kokoto. Husimama juu yake, na hivyo mizizi hukaribiana zaidi na maji yaliyotuama. Kigae kimoja cha kuzuia udongo usitoke tunduni kinatosha. Kinachosaidia kweli ni udongo wenyewe kuchanganywa na mchanga mkubwa wa mtoni, kiasi cha sehemu moja kwa mbili, pamoja na samadi kuukuu iliyokwisha kuwa kama vumbi. Kopo liinuliwe juu ya vijiti viwili ili tundu lisizibwe na sakafu. Wanaoweka kisahani chini yake wakijaze mchanga, kwa maana maji yaliyosimama humo, hata kidogo sana, ni mahali pa kuzaliana mbu wanaoeneza homa ya dengi, na mume aliyelala chini ya chandarua usiku ataumwa na hao mchana.

USIKU, KIOO NA JIKO LA MKAA

Dirisha ni rafiki mchana na adui usiku. Katika nyanda za juu usiku wa kipupwe mara nyingi hauna mawingu, na joto la ardhi na mabati hupotea moja kwa moja kuelekea angani. Kioo hupoa haraka, na hewa iliyo karibu nacho huwa baridi kuliko ya katikati ya chumba. Majani yanayogusa kioo huungua kwa baridi na kuwa meusi kingoni. Wenye mapazia hukosea wanapolifunga pazia na kuliacha ua nyuma yake, katikati ya kitambaa na kioo. Kwa hiyo safari ile ya jioni ya binti wa Dzaleka ina maana kubwa. Ukuta wa udongo ulioota jua mchana, au uliopakana na jiko, hulitoa joto lake polepole usiku kucha. Pale sandukuni makopo yameinuka pia kutoka sakafuni, ambako hewa baridi hutuama. Katika nyumba zetu za saruji jambo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa sakafu ya saruji hunyonya joto la chungu kilichowekwa juu yake. Kipande cha ubao au magazeti kadhaa ya zamani chini ya chungu ni kinga nzuri.

Lakini yapo mambo ya kuonya. Wapo watu, mjini na kambini, ambao baridi ikizidi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala nayo anaweza asiamke. Haifai kwa watu, na wala maua hayafaidiki, maana moshi wa mkaa una gesi nyingine inayofanya matumba yadondoke kabla ya kufunguka. Ukiona ua lililojaa matumba limeyamwaga yote kwa usiku mmoja, fikiria moshi kabla ya kufikiria wadudu. Jiko likae nje hadi liishe moto. Joto la ukuta linatosha.

Kuna na ile hofu ya zamani kwamba maua huvuta hewa yote usiku na kumdhuru mwenye kulala. Ni kweli kwamba mmea huvuta hewa usiku, lakini kiasi chake ni kidogo mno, na mtoto mmoja aliyelala chumbani huvuta zaidi ya makopo yote ya dirishani. Msiyafukuze kwa sababu hiyo.

YANAYOPENDA BARIDI

Baada ya kusema hayo, kazi kubwa zaidi ni kuchagua. Jeraniamu ndiyo ya kwanza. Asili ya nyingi kati ya zile za dirishani ni Afrika Kusini, nchi yenye majira ya ukame na baridi, nazo huvumilia usiku wa digrii 7 au 8 bila shida, mradi zikae kavu. Majani yake ukiyasugua hunukia, na mwenye harufu ya samaki jikoni ataishukuru. Baada ya hiyo ningeitaja klivia, nayo pia ya Afrika Kusini, yenye majani mapana ya kijani iliyokoza na shada la maua ya rangi ya machungwa. Hii haivumilii baridi tu, bali inaihitaji: bila majuma kadhaa ya ubaridi wa digrii 10 hivi, tena bila kunyweshwa sana, haitoi kikonyo cha ua. Katika nyumba ya Dar es Salaam klivia hukaa miaka ikiota majani matupu. Ya Njombe huchanua. Tena hutosheka na mwanga hafifu, kwa hiyo mwenye dirisha la kusini asikate tamaa. Mizizi na majani yake yana sumu, basi iwe mbali na mtoto anayetambaa.

Kalankoe, yenye majani manene na vishada vya maua madogo mekundu au ya manjano, asili yake Bukini, huchanua kwa kuhesabu urefu wa usiku. Usiku wetu wa Juni, unaokaribia saa kumi na tatu hadi alfajiri, huiamsha. Ila ikiwekwa mahali ambapo taa huwaka hadi saa tano za usiku, hudanganyika ikadhani ni kiangazi, na matumba hayatoki. Mshubiri na sansevieria, ile yenye majani marefu yaliyosimama kama panga, hukaa vizuri ndani, lakini hizi ni za kunyweshwa mara moja kwa mwezi tu wakati wa baridi, au zisinyweshwe kabisa. Baridi na ukavu huvivumilia, baridi na maji huoza kutoka shinani.

Ua la Usambara mwenye kulipenda aliweke katika chumba cha ndani chenye joto la watu, wala asiliweke sebuleni penye upepo. Vivyo hivyo lile ua laini la rangi ya waridi au nyekundu linalofurika kwenye mabaraza ya pwani, ambalo mbegu zake huruka ukiugusa mkoba wake. Hilo Sir John Kirk alilipeleka Uingereza kutoka Unguja, na wataalamu wa huko wakalipa jina kwa heshima ya Sultani mwanzoni mwa miaka ya 1880. Huyu Kirk ndiye yule aliyefuatana na Livingstone kupanda bonde la mto Shire hadi Ziwa Nyasa mwaka 1859, kwa hiyo aliijua baridi ya Malawi. Lakini ua lake halikuumbwa kwa ajili yake. Digrii zikishuka chini ya 10 hupukutisha majani yote.

KIJITI

Kwa jamaa za askari ambao uhamisho huwafikia bila kubisha hodi, faida ya jeraniamu ni kwamba haihitaji kubebwa ikiwa nzima. Kikatwe kijiti cha urefu wa kidole cha shahada, chini kidogo ya kifundo, majani ya chini yaondolewe, kisha kiachwe kivulini siku nzima hadi kidonda kikauke. Hapo ndipo walio wengi hukosea, kwa kukitia kijiti kikiwa bado kinatoka maji. Kichomekwe katika mchanga mkubwa wenye unyevu kidogo, kisifunikwe, kisilowekwe. Majuma matatu au manne yakipita hushika mizizi. Wakati mzuri ni mwishoni mwa Agosti na Septemba, ubaridi unapoanza kulegea. Katika Juni vijiti vingi hugeuka vyeusi kutoka chini na kufa, kama kilivyokufa kile cha tatu cha mama wa Dzaleka. Yeye hakuwa na hiari ya kuchagua mwezi.

Tulipoaga, alileta kopo dogo la maziwa lenye jeraniamu changa iliyokwisha kushika mizizi tangu Machi. "Peleka Tanzania," aliniambia. Nilishukuru kwa mikono miwili, lakini ilinibidi kumweleza kwamba mmea wenye udongo hauvushwi mpakani Kasumulu bila cheti cha afya ya mimea, kwa kuwa ugonjwa na wadudu husafiri pamoja na mizizi, na shamba la mtu mmoja likiambukizwa ni hasara ya mkoa. Alisikiliza, akafikiri kidogo. Halafu akamgeukia wifi yangu.

"Basi liende Lilongwe," alisema. "Lenyewe halina kibali cha kuomba."

Wifi alilipakata mapajani njia nzima, maharage yakiwa miguuni. Lilikaa usiku wa kwanza juu ya kabati la vyombo, na asubuhi likawekwa kwenye dirisha la jikoni, lile la kaskazini, ambalo tulikuwa tumelidharau kwa sababu kitabu kilisema kusini. Nilipokuwa tayari nimerudi nyumbani, mama wa Dzaleka alituma neno kwa simu akiuliza limewekwa dirisha gani. Wifi akampelekea picha. Alijibu kwamba ua linaonekana vizuri, akaomba picha nyingine ichukuliwe kwa mbali zaidi, ili auone mtaa ulioko nje.

Mwezi wa Septemba wifi aliniandikia kwamba limetoa matumba mawili, na joto limeanza, na je, sasa anaweza kulimwagilia kila siku? Nilimjibu aliinue kopo kwanza.